Ufunguo Wenye Uzi Mwekundu: Nenda Semina ya Mirathi Kabla Hujastaafu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wafanyakazi wanaojiandaa kustaafu. Wengi walioshindwa kufika waliniomba niyaandike, nami nayaweka hapa kama yalivyotoka, bila zile picha za ukutani.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo?

Nimekuja na kitu mkononi. Mlioko nyuma hamkioni, basi nitawaeleza. Ni ufunguo mdogo wa shaba, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, umefungwa uzi mwekundu wa kushonea. Tuliukuta ndani ya kikasha cha miwani ya baba yangu, siku tisa baada ya kumzika. Tulijua ni wa kitu cha maana, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kufunga uzi kwenye kitu cha hivi hivi. Tukaujaribu kwenye kabati, haukuingia. Tukaujaribu kwenye droo za meza, kwenye sanduku la bati, kwenye mkoba wake wa kazini. Kaka yangu mkubwa aliujaribu mpaka kwenye kufuli la lango, na sote tulikuwa tunaona kwa macho kwamba tundu la lile kufuli ni kubwa mara tatu.

Mama alikuwa amekaa kitandani anatutazama. Tulipomwuliza, alijibu kwa sauti ya chini: "Baba yenu alisema angenieleza akistaafu."

Ndugu zangu, baba alikuwa amestaafu miezi kumi na mmoja kabla.

Ufunguo ulikuwa wa kisanduku cha kuhifadhia vitu benki. Tulikuja kujua baada ya karibu miaka miwili, benki ilipoandika barua ya kudai ada, barua yenyewe imeandikwa kwa jina la marehemu. Ndani tulikuta hati ya nyumba, ambayo tulikwisha kutumia fedha nyingi kuitafutia nakala. Tulikuta pia karatasi iliyosainiwa na rafiki yake kwamba amemkopa baba. Huyo rafiki naye alikuwa amefariki, na watoto wake hawakuwa na habari ya deni lolote. Tungewadai kwa uso gani?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na bado nyumbani kwetu daftari halikuwepo.

Sasa niwaambie kwa nini mmeniita mimi. Miaka 24 nilikaa kwenye dawati la utumishi. Nilipokea fomu zenu za kuajiriwa, nikazifungia faili, na nikawaaga wenzenu waliostaafu. Na kwa miaka hiyo yote niliwapokea pia waliokuja baada yao: wajane, wagane, watoto wamevaa nguo za msiba, wamebeba mifuko ya plastiki imejaa karatasi zisizojulikana ipi ni ipi. Kwa hiyo nikisema nendeni kwenye semina za kupanga mirathi, nendeni mapema, nendeni na wenzi wenu, msidhani ninasoma kwenye kitabu. Nazikumbuka sura za watu.

Swali la kwanza mnaloniuliza kila mahali ni hili: kwa nini sasa? Kwa nini kabla ya kustaafu, wakati mambo ya wosia yanaweza kusubiri tuzeeke kweli?

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Ukiwa kazini, karatasi zako zina mlezi. Liko faili lenye jina lako. Mna fomu ya wanufaika, ile inayotaja watakaolipwa mafao yako ukifa, mna jina la mwenzi wako, mna tarehe za kuzaliwa za watoto. Ukianguka leo ukiwa mtumishi, hata kama nyumbani hakuna anayejua lolote, pana dirisha moja ambalo mjane wako atasimama na kuuliza. Siku unastaafu, faili linafungwa. Mafao yanalipwa, yanaingia benki, kisha yanaanza kubadilika sura. Mengine yanakuwa matofali, mengine hisa, mengine mtaji wa mtoto, mengine mkopo uliompa ndugu bila maandishi. Baada ya miaka miwili, nani anaweza kukaa chini akaorodhesha viko wapi? Ni wewe peke yako. Na wewe ndiye tutakayekuwa tumekuzika.

Tena kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui mpaka waambiwe semina. Katika mifuko mingi ya pensheni na bima, fedha zikiwa bado ndani ya mfuko, fomu ya wanufaika ndiyo inayoangaliwa kwanza. Zikishalipwa zikaingia kwenye akaunti yako ya kawaida, ile fomu haina kazi tena juu yake. Sasa ni mali yako kama mali nyingine, zinakwenda kwa njia ya mirathi: wosia kama upo, sheria kama haupo. Mtu analala akijua mambo yake ameyapanga, kumbe alichokipanga kiliisha nguvu siku hundi ilipotoka.

Na la pili, zito zaidi. Mifuko mingi duniani inakutaka uchague unapostaafu: upokee pensheni kubwa inayokoma siku unayokufa, au upokee ndogo kidogo inayoendelea kumlipa mwenzi wako baada yako. Mara nyingi ukishasaini, basi, hakuna kurudi nyuma. Nimewaona wanaume wazima wakitia alama kwenye kisanduku cha pensheni kubwa kwa dakika mbili, kalamu ya kuazima, wamesimama. Hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda wake zao. Hakuna aliyewaambia kwamba kile kisanduku ni wosia! Mtu huyo angehudhuria semina moja tu, mwaka mmoja kabla, akiwa na mkewe pembeni, wangejadiliana. Pengine wangechagua ile ile kubwa, lakini mke angekuwa anajua, na angejiandaa.

Ndiyo maana nasema kabla. Narudia: kabla. Semina ya baada ya kustaafu inakueleza ulichokwisha kukifanya.

Kuna anayesema moyoni, mimi sina mali ya kuandikia wosia. Una nyumba? Una akaunti? Una deni? Una mtoto mwenye mahitaji maalumu, au mama mzee unayemtunza? Basi una mambo ya kupanga. Wengine wanasema, mimi nitaandika mwenyewe, kiswahili ninacho, kalamu ninayo, na mtandaoni kuna mifano ya kupakua.

Nitawasimulia habari za mtu mmoja. Warren Burger alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1969 hadi 1986. Alipofariki mwaka 1995 ilionekana kwamba wosia wake ulikuwa na maneno 176 tu. Mimi nimeshasoma risiti ndefu kuliko hapo. Mawakili walioupitia walionyesha kwamba haukuwapa wasimamizi wa mirathi mamlaka ya kuuza nyumba na ardhi, wala haukusema lolote kuhusu kodi. Huyu ni mtu aliyekaa kiti cha juu kabisa cha sheria katika nchi yake. Na Abraham Lincoln, rais wa Marekani na wakili kwa taaluma, alipouawa mwaka 1865 hakuwa na wosia kabisa. Ilibidi jaji rafiki yake, David Davis, asimamie mirathi. Ikiwa hao yaliwapita, mimi na wewe tuna sababu gani ya kuona aibu kukaa darasani?

Darasani utajifunza kwamba wosia una masharti, na masharti hayafanani. Uingereza, sheria ya mwaka 1837 inataka maandishi, saini, na mashahidi wawili waliopo kwa pamoja mwenye wosia anaposaini. Shahidi akiwa ndiye mrithi, au mwenzi wa mrithi, wosia unabaki lakini zawadi yake inapotea. Fikirieni: mzee anamwita binti yake aliyemwuguza miaka sita, anamwambia mwanangu saini hapa kama shahidi, na kwa saini hiyo anamnyang'anya alichotaka kumpa. Ufaransa, ukiandika wosia wako peke yako, lazima wote uwe kwa mkono wako mwenyewe, wenye tarehe na saini. Ukiuchapa kwa kompyuta kisha ukasaini chini, si wosia wa namna hiyo. Tena huko watoto wana fungu ambalo huwezi kuwanyima: mtoto mmoja nusu ya mali, wawili theluthi mbili, watatu au zaidi robo tatu. Kwa anayefuata sheria ya Kiislamu, wosia haupiti theluthi moja, na mrithi mwenye fungu lake hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Sasa ule mfano uliopakua mtandaoni umeandikwa kwa sheria ya nani? Hilo ndilo swali la kumwuliza mtoa mada, na ndiyo sababu uende kwenye semina inayozungumzia sheria inayokuhusu wewe, mahali mali yako ilipo.

Na ukishauandika, mtu ajue ulipo. Aretha Franklin, mwimbaji mkubwa wa Marekani, alifariki mwaka 2018, familia ikaamini hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoziandika kwa mkono: moja ya mwaka 2010 kwenye kabati lililofungwa, nyingine ya mwaka 2014 ndani ya daftari, chini ya mto wa kochi. Chini ya mto wa kochi, ndugu zangu! Watoto wakafika mahakamani wakibishana ipi ndiyo kauli ya mwisho ya mama yao, na jopo la wananchi likaamua mwaka 2023 kwamba ni ile ya kwenye kochi. Miaka karibu mitano. Mimi nikiisoma habari ile sikuwa namwona Aretha. Nilikuwa namwona kaka yangu akihangaika na kufuli la lango.

Sasa turudi kwenye fomu, kwa sababu hapa nina jambo linaloniuma.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyefariki mwaka 1994, miezi miwili hivi baada ya kutoa talaka. Bima yake ya maisha na pensheni ya kazini vilikuwa bado na jina la mke aliyeachana naye. Watoto wake wa ndoa ya awali wakadai. Sheria ya jimbo lao ilisema talaka inafuta jina la mtalaka. Mahakama ikasema hapana, kwa mafao ya kazini sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ndiyo yenye nguvu, na hiyo inafuata kilichoandikwa kwenye karatasi za mpango wa mafao. Jina lilikuwa la mtalaka, naye ndiye aliyestahili kulipwa.

Mtaniambia hiyo ni Marekani. Basi niwaambie ya dawatini kwangu. Alikuja mama mmoja, mtaratibu, sauti haisikiki. Mumewe alikuwa mtumishi miaka 31. Nikafungua faili. Fomu ya wanufaika aliijaza mwezi wa kwanza wa ajira yake, kijana hajaoa, akaandika jina la mama yake mzazi, asilimia mia moja. Mama huyo alikwisha kufariki siku nyingi. Mke hakuandikwa, watoto wanne hawakuandikwa. Miaka 31 fomu ile ililala ndani ya faili, na mimi nililipitia faili lile mara ngapi? Kupandisha daraja, likizo, uhamisho. Sikuwahi kumwambia, kaka, hebu angalia ukurasa wa pili. Fedha zililipwa mwishoni, baada ya mirathi kufunguliwa, na mtoto wa tatu alikuwa ameshaacha chuo kwa kukosa ada. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja kuniomba likizo nilimfungulia ukurasa wa pili kwanza.

Kwa hiyo ukienda semina usiende mikono mitupu. Siku moja kabla, nenda ofisi ya utumishi, nenda kwenye mfuko wako, nenda kwenye bima, omba nakala ya kila fomu yenye jina la mnufaika. Zisome. Ukiwa hapo hapo, angalia jina lako limeandikwaje. Kitambulisho kinasema majina matatu, hati ya nyumba inasema mawili, cheti cha ndoa kimekosewa herufi moja. Wewe ukiwa hai unaeleza, "ni mimi huyu huyu," na unaeleweka. Ukishakufa, herufi moja inaweza kumrudisha mjane wako njiani mara nne. Nimezirudisha kwa mikono yangu mwenyewe karatasi kama hizo, kwa sababu utaratibu ulinitaka, na sikupata raha.

Uende na nani? Uende na mwenzi wako. Kama huna, na mtoto mwenye busara au ndugu unayemwamini kukusimamia. Semina ya kwanza niliyohudhuria mimi, mwendeshaji aliwapa wanandoa karatasi mbili tupu, akawatenganisha vitini, akasema: kila mmoja aandike akaunti za mwenzake, madeni ya mwenzake, na mtu wa kwanza wa kumpigia simu mwenzake akifa usiku wa leo. Dakika tano. Mbele yangu walikaa mzee mmoja na mkewe. Mzee aliandika mpaka akageuza karatasi. Mama aliandika tarehe, juu kulia, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Akaishia hapo. Walipopewa nafasi ya kubadilishana karatasi, mzee aliitazama ile yenye tarehe tu kwa muda mrefu, kisha akaikunja taratibu na kuitia mfuko wa shati. Hakuna hotuba ingemfundisha alichofundishwa na karatasi ile.

Nigusie na hili kwa haraka. Kupanga mirathi si kifo peke yake. Kuna kiharusi, kuna kusahau kwa uzeeni. Nani atasaini kwa niaba yako, nani atazungumza na daktari? Ipo hati ya uwakili, lakini mwulize mwanasheria hasa hasa: je, hii itabaki na nguvu nikipoteza akili? Maana katika nchi nyingi ile ya kawaida inakufa siku ile ile unapoihitaji. Uingereza na Wales ziko hati maalumu za kudumu tangu 2007. Ulizia ya kwenu inaitwaje. Na simu yako, je? Fedha za siku hizi ziko nyuma ya nenosiri ambalo unalijua wewe tu.

Sasa niwaonye, na naomba mnisikilize kwa makini kama mlivyosikiliza habari ya ufunguo. Mtu akishatangazwa anastaafu, fedha zake zinanukia mbali. Semina nyingine si semina, ni soko. Mwaka 2007 wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani walitoa ripoti baada ya kukagua kampuni 110 zilizokuwa zikiwaalika wazee kwenye semina zenye chakula cha bure. Wazee waliambiwa ni mafunzo, hakuna kitakachouzwa. Wakaguzi walikuta zote zilikuwa za kuuza. Katika nusu ya kaguzi, matangazo yalikuwa na madai yaliyotiwa chumvi au ya kupotosha, na katika asilimia 13 zilionekana dalili za ulaghai wenyewe.

Utaitambuaje? Sikiliza mtoa mada analipwa na nani, na mwulize hadharani, bila haya. Mtu mwema hatakasirika. Angalia kama amekuja na fomu ya kusaini leo leo. Hakuna mpango mzuri wa mirathi unaooza kwa kulala nyumbani kwako wiki mbili. Angalia kama kila tatizo unalolitaja, dawa yake ni bidhaa moja ile ile. Na usisaini kitu chochote ndani ya ukumbi wa semina. Chochote! Uchukue, ukasome, umpelekee wakili asiyehusika. Namfahamu mstaafu aliyeingia asubuhi na kiinua mgongo cha maisha yake yote, akatoka saa tisa na mkataba uliomfungia fedha miaka kumi. Alikuwa na miaka 66 na ugonjwa wa figo.

Lakini jamani, uovu wa baadhi usiwafanye mkae nyumbani. Nendeni zaidi ya mara moja. Nenda ya mfuko wako, nenda ya chama cha wafanyakazi, nenda ya nyumba yako ya ibada kama ipo, nenda ya mawakili wanaotoa msaada wa sheria. Ya kwanza itakutisha kidogo, maneno mengi: msimamizi, wasii, amana, dhamana. Ya pili utaanza kuuliza maswali yako mwenyewe. Semina haiandiki wosia. Inakufundisha kumwendea mwanasheria ukiwa unajua unachokitafuta, na muda wake ni ghali kwako.

Na kwa wale mnaoogopa kwamba kutaja kifo ni kukiita, nawaelewa. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa kufunga uzi mwekundu kwenye ufunguo ili usipotee. Alitulinda kwa kila namna aliyoijua, ila alisubiri siku nzuri ya kusema, na mama akabaki na ufunguo bila mlango. Huwa naubeba nikija kwenye mikutano kama hii, na mama anajua kwamba ninaubeba. Leo asubuhi aliniuliza, "Unakwenda kuwaonyesha?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Waambie wasiwasubirishe hivyo wake zao."

Chini ya kila kiti kuna karatasi mbili, moja yako na moja ya mwenzako. Hazikusanywi, hakuna atakayezisoma. Andika jina lako juu kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama unavyoitwa. Chini yake andika vitu vitano: hati zako ziko wapi, akaunti ziko benki zipi, nani unamdai, nani anakudai, na jina lililoko kwenye fomu yako ya wanufaika. Kama hili la tano hulikumbuki, acha nafasi wazi, na Jumatatu asubuhi mpelekee nafasi hiyo afisa utumishi wako aijaze mbele ya macho yako. Waliokuja na wenzi wao, hameni viti sasa, mkae mbali mbali. Kalamu ziko kwenye meza ya mlangoni. Tuna dakika kumi na tano, nami nitapita kwenye mistari kuwasaidia.